Bakuli Huharibika Kabla Mashine Haijawashwa

Hotuba kwa wanafunzi wa useremala na mafundi vijana, Mafinga, mkoani Iringa

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazee mliokubali kutoka kwenye baridi hii ya asubuhi na kuja kukaa nasi, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa hadi mlangoni: kamwene. Wakubwa wangu wote, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ukerezaji wa mabakuli ya mti, yaani kuyachonga kwa patasi huku mashine ikizungusha kipande cha mti, na hasa mambo yanayomkwamisha anayeanza. Ombi hili nimelipokea kwa moyo mmoja, kwa sababu katika karakana yangu nimewaona vijana wenye mikono mizuri kabisa wakiiacha kazi hii baada ya mwezi mmoja. Wakiulizwa wanasema, "Fundi, mimi sikujaliwa." Nawaambia leo mbele ya walimu wao kwamba si kweli. Mikono yao haikuwa na kosa. Bakuli lilikuwa limeshaharibika kabla hawajagusa swichi. Liliharibikia msituni gogo lilipochaguliwa, likaharibikia kwenye msumeno lilipopasuliwa, likaharibikia kwenye skrubu lilipofungwa, au kwenye jiwe la kunolea ambalo halikuguswa siku ile. Mashine ilikuja tu kulionyesha kosa ambalo tayari lilikuwepo.

Tazameni tunapoishi. Hapa tumekaa ubavuni mwa Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, misindano na mikaratusi hadi macho yanachoka. Ukienda Njombe unakuta miwati. Ukishuka Rungwe, nilikozaliwa mimi, kila ua una mparachichi, na mparachichi mzee usiozaa tena hukatwa ukawa kuni. Mitaani Iringa na Mbeya kuna mijakaranda iliyopandwa zamani, ikiangushwa na upepo watu wanaikatakata na kuichoma. Malori ya mbao yanapita hapa kwenda Dar es Salaam usiku na mchana. Lakini lile gogo fupi, nene, lenye kombo, ambalo kiwanda cha mbao hakina haja nalo, ndilo gogo la bakuli. Tunalichoma. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu nimekuja.

Mimi nilianzia Mwanjelwa, Mbeya. Miaka minne nilikereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, nikawa hodari, hata mafundi wakubwa wakawa wananiachia kazi yao. Nikadhani anayeweza kukereza mguu wa kitanda anaweza kukereza bakuli. Nikachukua kipande cha mparachichi mbichi, nikakifunga, nikakereza siku nzima. Jioni nilikuwa na bakuli zuri, jembamba, laini. Ilikuwa mwezi wa saba. Mnaijua Julai ya Mbeya, asubuhi baridi kali, mchana jua na upepo mkavu. Nikaliweka dirishani watu walione. Kesho yake alfajiri nilikuta ufa kutoka mdomoni hadi karibu na kitako, mpana kiasi cha kuingiza sarafu. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu. Hakuna aliyenieleza kwa nini, na ilinichukua miaka kujua. Nyinyi nitawaeleza sasa hivi.

Mti uliokatwa leo umejaa maji, na miti mingine maji yake yana uzito unaokaribiana na ule wa mbao yenyewe. Maji hayo yamekaa sehemu mbili. Mengine yamo ndani ya uwazi wa nyuzi, kama maji kwenye mrija. Mengine yamenyonywa na kuta za nyuzi zenyewe. Yale ya kwenye uwazi hutoka kwanza, na yakitoka mbao inakuwa nyepesi tu, haibadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30, yaani gramu 30 za maji kwa kila gramu 100 za mbao kavu, ndipo maji ya kwenye kuta yanapoanza kutoka. Hapo mbao inaanza kusinyaa.

Na haisinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa pete za mti, inasinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Kwa urefu wa mti haisinyai kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo bakuli la duara lililokerezwa likiwa bichi litakauka na kuwa kama yai. Hilo ni la kawaida, wala si kosa la mtu. Kosa ni kuacha kiini cha mti ndani ya bakuli. Pete za nje zinataka kufupika, na kiini kilicho katikati hakiziachii nafasi. Lazima kitu kikubali kuachia, na kinachoachia ni ufa wenye umbo la kabari, mpana nje na mwembamba ndani.

Basi gogo lipasueni katikati kwa urefu wake, msumeno upite kwenye kiini chenyewe, mpate nusu mbili. Kisha kwenye kila nusu ondoeni upande ule wa kiini, unene wa kidole au viwili, bila huruma. Vijana wengi wanashindwa hapa kwa sababu wanaona wanapoteza mbao. Anayeogopa kupoteza vidole viwili vya mbao atapoteza bakuli zima.

Jambo la pili la gogo ni ncha zake. Maji hutoka kwenye ncha zilizokatwa haraka mno kuliko ubavuni, ndiyo maana magogo yaliyolala barabarani wiki mbili yana nyufa kama nyota kwenye vichwa vyote viwili. Siku ileile mnayokata, pakeni ncha rangi ya mafuta, hata ile iliyobaki kwenye kopo la zamani, au nta iliyoyeyushwa. Na msikate gogo kwa kipimo kamili cha bakuli. Liacheni refu, muweze kuondoa sehemu iliyopasuka.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwenye bakuli msemo huu una sehemu mbili. Tunauwahi mti ukiwa mbichi kwa sababu ni laini, maranda yanatoka marefu kama utepe, na patasi haichoki. Lakini hatumalizi. Tunakereza bakuli nene, unene wa ukuta uwe kama sehemu moja ya kumi ya upana. Bakuli la inchi 12 liachwe na ukuta wa zaidi kidogo ya inchi moja. Kisha linalazwa. Wakisi wa kando ya Ziwa Nyasa, wafinyanzi ambao vyungu vyao vinauzwa Matema, hawachomi chungu siku walipokifinyanga. Wanakiacha kikauke kwanza, kwa sababu chungu chenye maji kitapasukia motoni. Mama zetu wale wana elimu hiyo tangu zamani, na sisi maseremala tunaweza kujifunza kwao.

Kulilaza maana yake ni nini? Chukueni mfuko mtupu wa saruji, ule wa karatasi, ukung'uteni vizuri. Tieni bakuli ndani pamoja na maranda yake lenyewe, funga, weka sehemu isiyo na upepo wala jua. Karatasi inapumua polepole. Mfuko wa plastiki haupumui, ukiliacha humo wiki kadhaa utalikuta limeota ukungu. Kabla ya kulilaza, lipime kwenye mizani ya dukani na uandike uzito na tarehe kwenye kitako kwa penseli. Pima kila wiki. Uzito utakuwa unashuka, unashuka, kisha utasimama. Ukisimama palepale kwa wiki tatu au nne, bakuli limekauka kadiri hewa ya mahali pako inavyoruhusu. Laweza kuchukua miezi mitatu, laweza kuchukua sita au zaidi, inategemea mti, unene na msimu. Kipindi hiki cha kiangazi linakauka haraka na hatari ya ufa ni kubwa, kwa hiyo ongezeni mfuko wa pili. Masika linakauka taratibu. Kisha unalirudisha kwenye mashine, na ule unene uliouacha ndio utakaokupa nafasi ya kulirudisha kuwa duara.

Najua mnachofikiri. Miezi mitatu, na kodi ya chumba inadaiwa mwisho wa mwezi. Nami niliwaza hivyo. Niliwahi kuuza mabakuli 12 kwa nyumba moja ya wageni upande wa Ruaha. Uzito ulikuwa bado unashuka, nilijua, nikayamaliza nikayapeleka. Kule kuna joto na ukavu ambao Mafinga hatuujui. Baada ya miezi miwili walinirudishia matano yaliyopasuka. Nililipa, na sikupata tena oda kutoka kwao. Suluhisho lake ni kukereza mabakuli mabichi mawili matatu kila wiki na kuyalaza. Ukifika mwezi wa nne tangu uanze, kila wiki utakuwa na mawili matatu ya kumaliza. Mkulima wa viazi hapangi kula mbegu aliyoipanda jana.

Mti gani wa kuanzia? Mjakaranda, kwanza kabisa: laini kiasi, haupindi sana, na mweupe wa kupendeza. Mgrevilea ni mzuri na una madoa kama nyavu, ila vumbi lake huwawasha ngozi baadhi ya watu. Mparachichi na mseprasi ni mzuri pia. Msindano tunao tele, lakini kila pete yake ina sehemu laini na sehemu ngumu, patasi inaruka na msasa unakula sehemu laini tu, uso unabaki na mawimbi. Mkaratusi achaneni nao kwanza. Umejibana tangu ukiwa hai, ukikatwa tu ncha zinafunguka mbele ya macho yako. Mninga ni mtulivu kuliko karibu miti yote tuliyo nayo, lakini ni mti wa asili, unahitaji kibali, na mtu asijifunzie makosa kwenye mninga.

Kuna mbao moja ambayo nawakataza kabisa, na hapa naomba utulivu. Mji wetu unatengeneza nguzo za umeme. Vipande vinavyobaki vinatupwa, vimenyooka, vikavu, na ni vya bure. Nguzo zile zimeshindiliwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na dawa inayotumika sana ina shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu. Mbao yake mara nyingi ina rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Ukiikereza unavuta vumbi lake. Ukichoma maranda yake, sumu inatoka kwenye moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Na ukitengeneza bakuli, mtoto wa mtu atakula ugali humo. Nimemwona kijana akifanya hivyo, kwa kutojua. Nilimwomba bakuli lile nikalizika. Kuanzia leo hakuna aliyemo humu anayeweza kusema hakujua.

Sasa tufunge kipande kwenye mashine. Hili kovu mnaloliona hapa chini ya taya lilitokana na skrubu fupi.

Nilikuwa nimefunga kipande cha inchi 12 kwenye sahani ya chuma inayozungushwa na mashine, kwa skrubu nne zilizoingia ndani ya mbao chini ya nusu inchi. Mota yenyewe ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na kichwa cha mashine. Mota nyingi tunazozipata huzunguka mara 1,440 hivi kwa dakika. Tufanye hesabu pamoja, mwalimu wa hisabati atanisahihisha. Ukingo wa kipande cha inchi 12 unatembea karibu sentimita 96 kwa mzunguko mmoja. Zidisha kwa 1,440, unapata zaidi ya mita 1,370 kwa dakika, ambayo ni zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kipande kibichi cha upana huo na unene wa inchi nne kina kilo sita au saba. Huo ni mwendo wa basi kwenye barabara kuu, na kilikuwa kimeshikiliwa na skrubu nne fupi. Kilipochomoka sikukiona. Nilisikia tu kishindo, nikajikuta nimekaa chini na damu kifuani. Kingepanda vidole vitatu juu zaidi, nisingekuwa nazungumza nanyi.

Kwa hiyo skrubu ziingie ndani ya mbao yenyewe angalau inchi moja, na zipite kwenye ubavu wa nyuzi. Skrubu iliyoingia kwenye ncha za nyuzi hutoka kama msumari kwenye ndizi. Kichwa cha nyuma cha mashine kisukume kipande muda wote mnapokereza nje, mpaka kiwe duara na kitulie. Kwa mwendo, wakerezaji wana kanuni nyepesi: chukua 6,000 hadi 9,000, gawa kwa upana wa kipande kwa inchi. Kipande cha inchi 12 kizunguke kati ya mara 500 na 750 kwa dakika. Kikiwa bado hakijawa duara, anzeni chini ya hapo. Puli ya inchi tatu kwenye mota na puli ya inchi tisa kwenye mashine zinawapa mizunguko 480. Puli mbili na mkanda. Ni fedha kidogo kuliko nilizolipa hospitali.

Chaki ya taya nne, yaani kishikio cha chuma kinachobana kipande kwenye mashine, ni kifaa kizuri, lakini ni ghali na mwanafunzi hana haja ya kuingojea. Sahani ya chuma fundi wa mjini atakutengenezea. Kama hutaki matundu ya skrubu kwenye kitako, na bakuli lako limeshakauka, gundisha kipande cha mbao ya bure chini yake kwa gundi nyeupe ya mbao, katikati weka karatasi ya gazeti. Skrubu ziingie kwenye kile cha bure. Ukimaliza, weka patasi kwenye mstari wa karatasi, gonga taratibu, vitaachana. Kwenye mbao mbichi gundi hiyo haishiki vizuri, msijaribu.

Kabla ya kuwasha, zungusha kipande kwa mkono mzunguko mzima, uone hakigusi egemeo la patasi. Simama pembeni, usisimame mbele ya ukingo. Umeme ukikatika, na unakatika, zima swichi saa hiyohiyo. Nimeona mtu anakwenda kunywa chai, umeme unarudi, mashine inaanza yenyewe na egemeo limelegezwa. Na nyinyi watu wa Mafinga na Njombe mnaovaa skafu, makoti ya mikono mipana na glavu kwa sababu ya baridi: mbele ya mashine vyote vinavuliwa. Kipande kinachozunguka kikishika uzi mmoja wa skafu, hakitauachia. Dada zangu, nywele zifungwe, khanga na shali zibaki kitini. Baridi tutaivumilia.

Sasa patasi. Mnayoitaka ni ile yenye mfereji mrefu, ambayo wazee wanaiita bobari, ya chuma kinene. Patasi pana ya mfereji ya kukerezea miguu ya meza haikutengenezwa kwa bakuli. Shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba na linaweza kuvunjika. Na msigeuze tupa kuukuu kuwa patasi. Najua wengi tunafanya. Tupa ni ngumu lakini haina unyumbufu, ikinasa inavunjika kama kigae na kipande kinaruka. Springi ya gari iliyofuliwa na fundi anayejua ni salama zaidi.

Inolewe, na inolewe tena. Kwenye bakuli moja mimi huenda kwenye jiwe mara nne, tano, na mti mgumu zaidi ya hapo. Anayeanza hunoa Jumatatu akakereza hadi Ijumaa. Dalili ya makali yaliyokufa ni hii: maranda yanageuka kuwa unga, na wewe unaanza kusukuma. Ukijikuta unasukuma, zima mashine. Ukinoa kwenye grinda usikandamize. Chuma cha springi kikigeuka bluu kimepoteza ugumu wake, na sehemu ile lazima iondolewe yote.

Nirudi kwenye kile ambacho miguu ya vitanda ilinifundisha vibaya, maana humu wengi mmeanzia hukohuko. Mguu wa kitanda, nyuzi zake zimelala kwa urefu, sambamba na mhimili wa mashine. Patasi inakutana na mbao ileile mzunguko wote. Bakuli, nyuzi zimelala kukingama. Katika mzunguko mmoja patasi inakutana na ubavu wa nyuzi mara mbili na ncha za nyuzi mara mbili. Laini, ngumu, laini, ngumu, zaidi ya mara elfu moja na mia tisa kwa dakika kwenye ile kasi yetu ya 480. Ndiyo maana mkono uliozoea mguu wa kitanda unashtuka.

Fikirieni mganda wa nyasi za kuezekea. Ukiukata mahali ambapo kila unyasi umeegemezwa na mwenzake wa nyuma, unakatika safi. Ukiukata upande ambao ncha haziegemei kitu, zinainuka na kung'oka. Bakuli ni hivyohivyo. Kwa nje, kateni kutoka kitakoni kwenda mdomoni, kutoka padogo kwenda papana. Kwa ndani, kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukienda kinyume, utaona sehemu mbili zinazotazamana kwenye bakuli zimechafuka, nyuzi zimesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Wengi wanapofika hapo wanachukua msasa mkali na kusugua nusu saa. Msasa hautoi shimo la uzi uliong'oka kwa ndani. Unaondoa mbao laini ya jirani na kuacha bonde. Rudini kwenye jiwe, noeni, mkate tena mara moja kwa wepesi.

Na kunasa. Hakuna anayekereza bakuli ambaye patasi haijawahi kumnasa. Ni ule mlio kama bunduki, patasi inadidimia, kipande kinarukaruka, moyo unasimama. Kijana akinaswa mara tatu anaanza kuogopa, na mkono wenye hofu unabana, na mkono uliobana unanasa tena. Basi jueni kinachotokea. Patasi ina makali, na nyuma ya makali ina ule uso ulionolewa kwa mshazari, mimi nauita shavu. Makali yakigusa mbao kabla ya shavu, hayana cha kuyazuia, mbao inayavuta ndani. Kwa hiyo patasi ilale kwanza kwenye egemeo. Kisha shavu liguse mbao inayozunguka, mpini ukiwa chini, bila kukata chochote, litasugua tu. Kisha inua mpini polepole, polepole, mpaka utepe wa kwanza utoke. Mpini uegemee kiunoni, mwili wote usogee na patasi, mikono peke yake haitoshi. Egemeo liwe karibu, nafasi isizidi upana wa kidole, na lisogezwe kila mbao inapopungua. Kwa ndani, mahali pa hatari zaidi ni palepale mdomoni unapoingia: mfereji wa patasi uutazame upande wa katikati ya bakuli, usiutazame juu.

Fanyeni zoezi la shavu bila kukata hata siku nzima. Nilimfundisha binti mmoja kutoka Makambako, alikuja hajawahi kushika patasi. Siku mbili alisugua tu. Wavulana waliokuja naye walikuwa tayari wameshatoboa mabakuli. Katika mwezi wake wa tatu, yeye ndiye niliyemwachia kazi za wateja.

Nimetaja kutoboa. Unakereza ndani, unasema kidogo tena, kidogo tena, halafu mwanga. Kabla ya kuanza ndani, toboeni tundu moja katikati kwa keekee hadi kina mnachotaka, mkiacha unene wa kitako na wa skrubu. Tundu likiisha, nanyi mmefika. Hakuna kukisia.

Msasa na mafuta sitakawia. Anzeni namba 80 au 120, msiruke namba, mwendo upunguzwe, na barakoa ivaliwe. Vumbi la mbao limewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule na mpingo huwasumbua wengi kifua na ngozi. Kitambaa mdomoni hakitoshi. Bakuli la chakula lipakeni nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta safi ya kula. Vanishi tuiachie meza, na mafuta machafu ya gari yasikaribie hata mlango wa karakana.

Nimezungumza muda mrefu na bado hatujakereza, na leo hatutakereza. Pale nje, chini ya ule mkaratusi, kuna gogo la mjakaranda ulioangushwa na upepo. Ncha zake nimezipaka rangi juzi. Walimu wametupa saa mbili. Tutalipasua kwenye kiini, tutaondoa kiini pande zote mbili, na kila mmoja atachora duara lake na kuandika jina na uzito. Vipande vitalala ndani ya mfuko wa plastiki siku hizi tatu tu, visikauke. Jumatatu asubuhi, kabla swichi haijaguswa, nitakagua patasi moja moja, na skrubu moja moja. Aliyevaa skafu aiache hapo kwenye kiti. Twendeni.